Njia isiyo na malori, lakini yenye watu



Mama mmoja wa kikundi cha kushona ameniletea swali ambalo naona wengi mnalo moyoni. Binti yake anaanza sekondari, shule iko mbali, kinga iko nyumbani, baba amekubali. Sasa apite njia gani? (Kinga, yaani baisikeli, kama tunavyoandika ubaoni. Hapa nitaandika tunavyosema.)

Wengi wangejibu haraka: apite njia iliyotulia. Mimi nasema tungoje kidogo, kwa sababu utulivu wa njia uko wa namna mbili. Iko njia iliyotulia kwa kuwa malori hayapiti, lakini watu wapo: wanaokwenda shambani, wenye makala, watoto wa shule, mzee na mbuzi zake. Na iko njia iliyotulia kwa kuwa hakuna mtu kabisa. Ya kwanza mpe mtoto. Ya pili mnyime, hata kama ni fupi zaidi.

Barabara kubwa, ile N39 inayotoka kwetu kwenda Kasaji, Mutshatsha mpaka Kolwezi, sitaisema sana. Wakati wa kiangazi lori moja likipita vumbi linasimama hewani, na dereva wa lori la pili haoni kitu ndani yake. Mwenye kinga husukumwa pembeni, na pembeni ni mchanga mlegevu, gurudumu la mbele linazama, anaanguka. Anaangukia upande gani? Hapo hachagui yeye. Barabara hiyo mtoto aivuke tu, kwa miguu, akisukuma kinga yake, palipo wazi pande zote mbili.

Njia inayopendwa zaidi na watu wetu ni ile ya kando ya reli, kuelekea Divuma na mbele yake. Ni tambarare, haipotezi mtu, na vijiji vipo. Lakini mjue kwa nini ilitulia. Reli kutoka Lobito iliunganishwa na ya Katanga mwaka 1931. Vita vya Angola vilipoanza 1975, shaba iliacha kupita upande huo, na kwa miaka mingi treni zilikuwa chache sana. Mama zetu walizoea kutembea juu ya mataruma kama wanavyotembea kwenye uwanja wa nyumba, na sisi tukajifunza kwao. Utulivu ule unakwisha. Upande wa Angola reli ilitengenezwa upya, ikazinduliwa tena hadi Luau mwaka 2015, na tangu 2024 shaba ya Kolwezi imeanza tena kusafiri kwenda Lobito kwa njia hii. Treni iliyobeba shaba ikifunga breki huendelea mamia ya mita kabla ya kusimama. Haimwoni mtoto ikamhurumia.

Kwa hiyo njia ya reli bado ni nzuri, ila kwa masharti ambayo mtoto ayaseme kwa kichwa kabla hajapewa kinga. Apite kando, kamwe si katikati ya vyuma. Penye daraja ashuke, asimame, asikilize, atazame mbele na nyuma, ndipo asukume kinga haraka, mmoja mmoja. Hakuna kuweka muziki wa simu masikioni. Na wakisikia treni wakiwa kando, washuke mbali na tuta, wageuze uso, wangoje mpaka behewa la mwisho lipite. Wavulana hupenda kushindana na treni. Wa kwangu darasani nimewaambia kwamba mbio hizo treni haijawahi kushindwa.

Sasa mchanga. Wenzetu wa Kolwezi wana vilima na mabonde, na chini huko Lualaba inapita katika magenge ya Nzilo. Sisi hapa hatuna mlima. Mlima wetu ni mchanga, ule mchanga wa Kalahari uliofunika nchi hii toka zamani, nao unachosha kuliko kilima. Kilima utakipanda kisha utashuka. Mchanga hauna kushuka. Fundi wa kinga atakuambia ujaze upepo mpaka gurudumu liwe gumu kama jiwe. Kwa barabara ngumu ni kweli. Kwa mchanga, punguza kidogo, gurudumu lipanuke, lisizame. Mzigo usiuweke wote nyuma. Mapema asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, mchanga unashikamana na unapita vizuri. Saa nane mchana njia ile ile itakutoa machozi. Mwezi wa nane na wa tisa ndiyo mibaya zaidi, na ndipo shule zinapofunguliwa, ole wetu. Mvua za kwanza za mwezi wa kumi zikinyesha, kila mtu anatabasamu. Kisha kufika mwezi wa pili nyanda zinajaa maji, na njia fupi ya nyasini inakuwa ya samaki.

Nikisema nyanda nalikumbuka ziwa. Watoto wengi hapa hawajui kwamba ziwa la Dilolo, lenye jina moja na mji wetu, liko ng'ambo, Angola, kusini mwetu. Msafiri Mskoti David Livingstone alipita huko mwaka 1854 na tena 1855, akaona jinsi maji ya nyanda hizi yanavyogawanyika: mengine yanakwenda Kasai na Kongo mpaka bahari ya Atlantiki, mengine yanakwenda Zambezi mpaka bahari ya Hindi. Ndiye pia aliyeandika hadithi aliyoisikia kwa wenyeji. Chifu mwanamke, Monenga, alifika jioni katika kijiji, akaomba chakula, na mke wa mwenye kijiji akampa. Akaenda kijiji cha pili, wakamnyima, wakamcheka. Akaimba jina lake polepole, na sauti ya mwisho ilipokuwa ikivutwa kijiji kikazama, watu, kuku na mbwa wote, pakawa ziwa. Wanafunzi wangu huuliza kama ni kweli. Nawajibu waangalie nani aliyeokoa kijiji cha kwanza: mama mmoja aliyetoa chakula. Ndiyo faida ya njia yenye watu. Msafiri anaomba maji na anapata, na mtoto akitobokewa na gurudumu iko nyumba ya kukaa kungojea.

Baadhi ya vijana wanataka kwenda kuliona ziwa hilo kwa kinga. Siwakatazi kutamani. Lakini karatasi za mpaka kwanza, na jambo la pili kubwa zaidi: Moxico ni kati ya sehemu za Angola zilizofukiwa mabomu ya ardhini mengi wakati wa vita. Vita viliisha 2002, mabomu hayakuambiwa. Shirika la MAG limekuwa likiyaondoa huko kwa miaka mingi. Mahali kama hapo njia iliyotulia, yenye nyasi katikati, isiyo na alama ya mguu, si njia ya kupendeza. Inawezekana watu wanajua kwa nini hawaipiti. Usiache njia iliyokanyagwa, hata kwa kwenda haja, na ukiona kibao chekundu chenye fuvu, rudi kwa nyayo zako mwenyewe. Familia zilizokimbilia kwetu kutoka Angola zinajua haya kuliko mimi, waulizeni.

Huko Rwanda, kando ya ziwa Kivu, wamefanya jambo ninaloliona zuri. Kutoka Rubavu hadi Rusizi wameunganisha njia za wanakijiji, kilometa 227 za kupanda na kushuka milima juu ya ziwa, wakaipa jina na kuweka vibao. Wageni wanaipita kwa miguu na kwa kinga, na wamama wa huko wanaipita kila siku na ndizi zao kichwani. Hakuna aliyewaondoa watu ili njia itulie. Sisi hatuhitaji kilometa 227. Tunahitaji kando ya reli njia moja iliyofyekwa, na mahali pa kupita watu kwenye madaraja, na hili tuliseme sasa wakati reli inazungumzwa kila mahali, kabla kazi haijapangwa bila sisi.

Wakati huo, kila mama mwenye mtoto wa kinga afanye hivi Jumamosi: atembee naye njia nzima kwa miguu, wahesabu pamoja nyumba zenye mtu anayejulikana kwa jina. Palipo na kipande kirefu bila nyumba, watoto wapite wanne au watano pamoja, wangojeane. Orodha ya watoto wa kila upande wa mji mniletee mkutanoni, nitaipanga kwa makundi.

Juma lijalo: namna ya kuziba tundu la mpira wa ndani bila kumlipa fundi. Leteni mpira mkuukuu, mkasi na gundi.