Bei ya Umeme Haishuki kwa Amri ya Waziri

Waziri akisimama jukwaani na kuliamuru shirika la umma lishushe bei, makofi hayakosekani. Wengi wanaamini kwamba shirika ni mali ya wananchi, hivyo kiongozi anayelikaripia anamtetea mnyonge. Imani hiyo ni potofu, na Tanesco, shirika la umeme la Tanzania, ni ushahidi wake mchungu.

Mwaka 2016 Tanesco, ikiwa imeelemewa na madeni, iliomba kupandisha bei ya umeme kwa asilimia 18.19. EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria kupima maombi ya aina hiyo, ilisikiliza wadau, ikalipunguza ombi na kuridhia asilimia 8.53 kuanzia Januari 1, 2017. Siku moja kabla, Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, akasitisha ongezeko hilo. Mwaka mpya ulipoingia tu, Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa shirika, Felchesmi Mramba.

Nchi ikashangilia. Ila gesi na mafuta ya kuendeshea mitambo viliendelea kununuliwa, na waliokuwa wakiidai Tanesco waliendelea kuidai. Baadaye Mramba alirejeshwa serikalini, safari hii akiwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati. Na deni la Sh2.4 trilioni ambalo shirika lilikuwa likidaiwa na serikali likageuzwa kuwa mtaji. Deni la ukubwa huo halizaliwi na amri moja. Na shirika linalouza umeme miaka mingi kwa bei isiyorudisha gharama halina cha kulilipia. Aliyelibeba ni mlipakodi, akiwemo mkulima wa kijiji kisicho na hata nguzo moja, ambaye kodi anayolipa kwenye sabuni na sukari imesaidia kuendesha viyoyozi vya Masaki, mtaa wa wenye nazo jijini Dar es Salaam. Huyo ndiye mnyonge, na hakuna aliyemtetea.

Kisa cha ada ya kuunganisha umeme kinaumiza zaidi. Ilipofika 2021, agizo lilikuwa kila mteja, wa mjini na wa kijijini, aunganishwe kwa Sh27,000. Mita, nyaya na kazi ya fundi hugharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Waombaji wakarundikana, wengine wakiwa wameshalipa, wakasubiri. Januari 2022 ada ya mjini kwa asiyehitaji nguzo ikarudi kuwa Sh320,960.

Wapo wanaodhani dawa ni kuuza hisa. Kenya Power ipo kwenye Soko la Hisa la Nairobi na serikali ina asilimia 50.1 tu, karibu nusu ni ya wawekezaji wengine. Hilo halikuzuia bei kushushwa kwa asilimia 15 Januari 2022, mwaka wa uchaguzi, kutimiza sehemu ya ahadi ya Rais Uhuru Kenyatta. Uchaguzi ukapita, na Aprili 2023 bei mpya za juu zikaanza kutozwa. Ethiopian Airlines, kwa upande wake, inamilikiwa na serikali kwa asilimia 100, na ndilo shirika kubwa kuliko yote ya ndege barani Afrika. Tatizo basi si nani mwenye hisa. Tatizo ni nani anayepanga bei na kuajiri au kufukuza meneja, na kwa utaratibu gani.

Kumsaidia maskini kunawezekana bila kuvunja shirika. Tanzania yenyewe ina daraja la D1, ambamo mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Nafuu hiyo imeandikwa, inajulikana, na inamlenga mwenye matumizi madogo.

Kwa hiyo waziri anayetaka bei ishuke apeleke bungeni ombi la fedha za ruzuku, aseme ni kiasi gani na zitatoka fungu lipi. Wabunge nao, kabla ya kugonga meza, wamwulize nani atalipa tofauti hiyo, na wasiketi mpaka wajibiwe.