Nahodha Si Mfua Jezi

Wanafunzi wangu, neno nahodha asili yake ni baharini. Limetujia kutoka Kiajemi, na watu wa pwani walimwita hivyo mkuu wa chombo kabla halijafika katika viwanja vya michezo. Ndiyo maana hukereka nionapo nahodha wa wasichana akiteuliwa na mwalimu, kisha akakabidhiwa kazi ya kufua jezi na kuteka maji. Huyo ni mtumishi aliyevishwa kitambaa mkononi.

Mtaniuliza: kuogelea kwatuhusu nini sisi tulio Dzaleka, mbali na ziwa? Baadhi yenu mmetoka Uvira na Baraka, kandokando ya Tanganyika. Maji mnayajua kuliko mimi. Basi mtazameni Yusra Mardini, mkimbizi wa Siria. Mwaka 2015, akiwa na miaka 17, injini ya boti yao ilizimika kati ya Uturuki na Ugiriki. Yeye na dada yake Sara walijitosa baharini, wakasaidia kuifikisha pwani. Hakungoja kuteuliwa. Mwaka uliofuata aliogelea Rio katika timu ya Olimpiki ya wakimbizi, na Tokyo akawa miongoni mwa wabeba bendera wake.

Wapo wasemao kwamba wasichana wakipewa kura watachagua rafiki. Na wavulana je, humchagua adui? Waacheni wachague, wakosee, wachague tena.

Muhula ujao daini kura ya siri, na nahodha aketi kikaoni mazoezi yanapopangwa. Jezi, kila mmoja afue yake.