Krema za watoto wenye ukurutu: bei kubwa haiponyeshi zaidi

Mama anaingia farmasi na mtoto mgongoni. Mikunjo ya mikono na magoti ya mtoto imekauka, inawasha, na usiku mtoto hapati usingizi. Kwenye rafu kuna losio, krema, jeli na pomadi nzito. Bei zinatofautiana sana. Achukue ipi? Swali hili linaulizwa kila siku Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, na mara nyingi jibu linatoka kwa muuzaji.

Huko Uingereza, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol waliamua kulijibu kwa majaribio. Walichukua watoto 550 wenye ukurutu, ugonjwa ambao wengi kwetu wanauita egzema, wenye umri kuanzia miezi 6 hadi miaka 12. Kwa njia ya kura, kila mtoto alipewa aina moja kati ya nne: losio, krema, jeli ao pomadi nzito. Wazazi walijibu maswali kila juma kwa muda wa majuma 16: mtoto aliwashwa siku ngapi, alikosa usingizi mara ngapi, ngozi ilipasuka ao ilitoa maji? Wauguzi wasiojua mtoto alipewa aina gani nao walikagua ngozi.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2022: hakuna aina iliyozidi nyingine kwa kutuliza ugonjwa. Tofauti ilionekana kwenye hisia tu. Waliopewa pomadi nzito, asilimia 9 walilalamika kuchomwa na mafuta hayo. Kwa aina zingine tatu ilikuwa kati ya asilimia 17 na 20. Familia nazo hazikupenda kitu kimoja: wengine walichukia pomadi sababu inanata kwenye nguo, wengine waliipenda sababu inadumu kwenye ngozi.

Kwa nini habari ya Bristol ituhusu sisi wa Kivu na Ituri? Sababu ni mfuko. Kama aina zote zinasaidia sawa, basi mzazi hana lazima ya kununua ile ya bei kubwa. Vaselini ya kawaida isiyo na manukato ni ya jamii ile ya pomadi nzito, na inapatikana hata kwenye butiki ya mtaani. Kinachohesabika ni kupaka kwa wingi na kila siku, hasa kiisha kuoga. Wanganga wa Uingereza wanashauri gramu 250 hadi 500 kwa juma kwa mtoto mmoja. Kwetu, kopo dogo linapakwa na nyumba nzima mwezi mzima. Mzazi anayetumia pesa zote kwa krema moja ndogo ya bei kubwa atapaka kidogo kidogo, na mtoto ataendelea kujikuna.

Hata hivyo, tusipokee matokeo hayo kwa macho yaliyofungwa. Wengi wa watoto wale walikuwa wazungu, na hali ya hewa yao si ya Uvira wala ya Butembo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Ukurutu unaonyesha rangi ya kijivu, vipele vidogo ao ngozi iliyokuwa nene. Zaidi ya hayo, mafuta yanalinda ngozi kavu, lakini ukurutu ukiwaka, munganga anaweza kuandika dawa ya kortizoni kwa siku chache. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Hapo ndipo hatari yetu kubwa iko. Sokoni kunauzwa tyubu za kortizoni kali bila karatasi ya munganga, pamoja na krema za kujichubua. Baadhi zina haidrokwinoni, zingine zebaki, sumu inayoharibu figo. Mtoto akipakwa, kuwashwa kunaweza kutulia haraka na mzazi akafurahi. Lakini kortizoni kali ikitumiwa miezi mingi inafanya ngozi iwe nyembamba, na kwa mtoto inaweza kuzuia hata kukua. Krema yoyote isiyoandikwa ndani yake mna nini isiguse ngozi ya mtoto.

Jambo lingine: si kila kipele ni ukurutu. Ukurutu hauambukizi. Lakini kama watu kadhaa nyumbani wanajikuna usiku, inaweza kuwa upele, na vaselini haitauponya. Na tangu ugonjwa wa mpox uenee Kivu ya Kusini kuanzia Kamituga mwaka wa 2023, mtoto mwenye homa na malengelenge anapaswa kupelekwa haraka kwenye kituo cha afya, si farmasi.

Kwa mzazi mwenye mtoto ambaye ukurutu wake ni mwepesi, funzo ni rahisi. Chagua mafuta yasiyo na manukato ambayo mtoto anayakubali na mfuko unayaweza. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, ili vijidudu visiingie kwenye kopo. Nguo na mashuka yaliyolowa mafuta hayo yanashika moto upesi: mtoto asikaribie mbabula wala mshumaa.

Serkali nayo ina kazi yake: kukagua kinachouzwa kwenye rafu. Maana mama yule wa farmasi hawezi kupima zebaki kwa macho.