Maili za ndege hazimfikishi mtu wa Mafia



Nataka nami nitoe maoni yangu kuhusu kadi za maili ambazo mashirika ya ndege yanawagawia abiria. Siku hizi nawasikia vijana wetu wa biashara, pale Kariakoo na hata hapa Kilindoni, wakizisifu kadi hizo kana kwamba ni akiba ya benki. Mimi nimekuwa nayo moja kwa muda wa miaka minne, na gharama yake naijua kwa sababu niliilipa mwenyewe.

Nauza vipuri vya mashine za boti, nyavu na kamba, na mara mbili kwa mwaka nakwenda Dubai kuchukua mzigo. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilinishawishi nijiunge na mpango wake, na kuanzia hapo nikawa sipandi ndege nyingine. Nauli yake ilizidi ya wenzake kwa shilingi 200,000 hivi kila safari, lakini nilijiambia kwamba ziada hiyo haipotei, naiweka. Kwa safari nane nikawa nimeweka shilingi 1,600,000.

Mama yangu alipoandikiwa kwenda India kwa matibabu ya moyo, nikaona siku ya kuila akiba ile imefika. Nilipouliza nikaambiwa kwamba maili za mwaka wa kwanza zimekwisha muda wake. Zilizobaki zilitosha tiketi moja ya kwenda na kurudi, wala si kwa tarehe aliyopangiwa na daktari, bali siku tisa baadaye, maana viti vya maili vilikuwa vimekwisha, ingawa viti vya fedha vilikuwapo tele. Juu ya hayo nikatakiwa nilipe kodi na ada shilingi 480,000. Tiketi ya namna ile ile, kwa siku tuliyoitaka, ilikuwa ikiuzwa na shirika jingine kwa shilingi 1,150,000. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Zawadi yangu ilikuwa na thamani ya shilingi 670,000, nami nilikuwa nimeilipia 1,600,000. Niliuza mashine mbili za dukani kwa bei ya hasara, nikakata tiketi za fedha, yangu na ya mama. Alitibiwa na amerudi salama, alhamdulillahi. Maili zile nimeziacha huko huko zikingoja kufa.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba nilikosea mimi, kwa kutosoma masharti. Ni kweli sikuyasoma. Lakini tangu wakati huo nimejitahidi kufuatilia jambo hili, na naona kosa langu lilianzia kabla ya masharti. Nilidhani mpango ule uliwekwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Ulipoanza huko Marekani, kwa mfano ule wa American Airlines wa mwaka 1981, abiria alihesabiwa umbali aliosafiri. Aliyenunua tiketi ya bei nafuu na aliyenunua ya bei kubwa wote waliruka masafa yale yale, na wote walihesabiwa. Mambo yamebadilika sana. Delta iliacha hesabu ya umbali mwaka 2015 ikaanza kuhesabu fedha anayolipa abiria. Mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM ulifuata mwaka 2018, mwanachama wa daraja la chini akawa anapewa maili nne kwa kila yuro ya nauli, na kodi ya serikali haimo katika hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba mchuuzi anayezunguka ofisi tano kutafuta nauli ya chini kabisa ndiye anayepata kidogo kabisa, na meneja anayekatiwa kiti cha mbele na kampuni yake anazoa maili kwa gunia.

Tena maili zenyewe zimekuwa biashara inayojitegemea. Mashirika makubwa ya Marekani huziuza kwa mabenki, nayo mabenki huwagawia wateja wanaotumia kadi za mkopo, hivyo mtu huko anaweza kujaza maili kwa kununua nyama na petroli bila kupanda ndege. Mwaka 2020, wakati korona ilipozishusha ndege zote chini, United iliuweka mpango wake wa maili kuwa dhamana ya mkopo wa dola bilioni 6.8. Ndege zilikuwa zimelala uwanjani, lakini daftari la maili likakopesheka! Mtu anayenunua unga kwa noti katika soko la Kilindoni hana mlango wa kuingilia katika biashara hiyo.

Anayefaidika ni yule anayesafiri kila mwezi kwa fedha isiyo yake. Hapa nataka niseme wazi, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tiketi ikilipwa na ofisi ya umma, maili huandikwa kwa jina la aliyekaa kwenye kiti. Anaweza baadaye kuzitumia kuipeleka familia yake matembezini. Wajerumani walilitazama jambo hili kwa ukali. Mwaka 2002 ilipobainika kwamba wanasiasa wao walitumia kwa mambo ya binafsi maili za safari za kikazi, Gregor Gysi alijiuzulu uwaziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, na Cem Özdemir naye akaacha wadhifa wake katika chama cha Kijani. Wamarekani walichagua njia nyingine. Kwa sheria ya Desemba 2001 waliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao. Mimi naungana na Wajerumani. Maili zilizotokana na kodi ya mvuvi wa Jibondo zihesabiwe kuwa mali ya ofisi, na safari inayofuata ya ofisi hiyo ilipiwe kwa hizo kwanza.

Simkatazi mtu kuchukua kadi. Kujiunga ni bure, na kama shirika lenye nauli nafuu siku hiyo ndilo lenye kadi yako, iandikishe. Yapo mashirika, kama Emirates, yanayoruhusu watu wa familia moja kuweka maili zao katika kapu moja, na kwa jamaa wanaokwenda Umra au kuwatembelea ndugu zao Ghuba hilo lina maana. Ila usiongeze hata shilingi mia ya nauli kwa ajili ya maili, na ukizipata zitumie mapema.

Nikirudi hapa kwetu, safari tunayoihitaji zaidi ni ile ya kwenda Dar es Salaam. Uwanja wa Kilindoni ulitiwa lami kwa msaada wa Marekani katika mpango wa MCC wa miaka ya 2008 hadi 2013, nasi tulishangilia, maana ule wa changarawe ulikuwa taabu wakati wa mvua. Lakini ndege zinazotua ni ndogo, zenye viti kumi na kitu, na wanaozijaza zaidi ni watalii wanaokuja kumwangalia papa potwe na matumbawe. Ni kama nusu saa tu hewani. Anayeshindwa nauli anavuka hadi Nyamisati, kisha basi hadi Mbagala, na kusi likivuma mgonjwa hujuta kuzaliwa.

Kampuni za ndege ndogo zikitaka kweli kumshukuru abiria wa kudumu, hazihitaji kompyuta kubwa wala masharti ya kurasa ishirini. Zitoe kikaratasi cha kugongwa muhuri, safari kumi na moja ya bure, kisichokwisha muda. Na mgonjwa mwenye barua ya rufaa kutoka hospitali ya wilaya alipe nusu nauli pale panapokuwa na kiti kitupu, kwani ndege itaruka hata hivyo.

Mama ana siku yake ya kliniki Muhimbili mwezi ujao. Tutavuka kwa boti, bahari ikikubali.

Muuza Vipuri,
Kilindoni, Mafia.