Bustani ya Bwana na Mikono ya Watumwa

Mara nyingi tunasikia watu wakisifu nyumba za shamba za matajiri wa Roma ya kale. Wanasema: Tazameni bustani zao, tazameni nyua zao, huo ndio ustaarabu! Sisi hatukatai uzuri wake. Tunakataa sifa ya nusu.

Tutwae mfano mmoja. Plinius Kijana alikuwa na nyumba kubwa chini ya milima ya Apennini, katika Italia. Mwenyewe aliieleza katika barua kwa rafiki. Mbele ya baraza palikuwa na vichaka vilivyokatwa kwa mfano wa wanyama wanaotazamana. Ua mmoja mdogo ulitiwa kivuli na miti minne, na katikati yake maji yalifurika katika bakuli la marmari. Mahali pengine wageni walikula kando ya birika: sahani nzito ziliwekwa ukingoni, na zile nyepesi zilielea majini, kwa mfano wa mashua na ndege.

Ni vizuri, kweli. Lakini kichaka hakijikati chenyewe, wala birika halijisafishi. Katika nyumba kama hizo ilikuwa kazi ya watumwa, watu walionunuliwa kwa fedha kama ng'ombe. Columella, aliyewafundisha Warumi ukulima, ashauri watumwa wa minyororo wajengewe gereza chini ya ardhi, lenye madirisha membamba yaliyo juu, mkono usiyafikie.

Mtu atajibu: Plinius hakuwa mkali. Ni kweli. Aliandika kwamba yeye hatumii watumwa wa minyororo. Hata katika bustani yake vichaka vingine vilikatwa kama herufi, vikaonyesha jina la bwana na jina la fundi. Vema! Basi, fundi huyo aliitwa nani? Barua ni ndefu, inataja vyumba, miti na chemchemi. Jina la fundi halimo.

Tena sikilizeni. Baadaye bwana huyohuyo alikuwa liwali wa Bithynia, katika Uturuki ya leo. Kati ya mwaka 110 na 112 alimwandikia Kaisari Trajanus habari za Wakristu, waliokusanyika kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristu. Apate kujua ukweli, aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa Wakristu hao. Majina yao pia hakuyaandika. Mpole bustanini, mtesaji penye hukumu! Twaona sababu ni moja: aliyezoea kutazama majani asimtazame aliyeyakata, atashindwaje kumtesa mjakazi?

Hatusemi bustani zing'olewe. Mungu mwenyewe alimweka Adamu bustanini. Twasema tu: anayesifu ua mzuri, aulize kwanza ni nani aliyeufagia.

Nawe msomaji, mwenye maua mbele ya nyumba: boyi anayeyamwagilia, je, wamjua jina lake lote? Na mshahara wake wa mwezi huu, umemlipa?