Maegesho Mombasa: Tulipe kwa saa, si kwa siku

Anayetoka Kisauni au Changamwe kununua leso Biashara Street huhitaji nafasi ya nusu saa tu, na haipati. Magari yaliyowahi asubuhi, yakiwemo ya wenye maduka, hayatoki hadi jioni.

Tatizo ni mfumo wenyewe. Kaunti hutoza ada ya siku, hivyo wa dakika 20 hulipa sawa na wa saa 10. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la maegesho, kwa hivyo uwezo wa kubadilisha upo.

Barabara za biashara kama Digo na Nkrumah ziwekewe kikomo cha saa mbili. Lakini mkazi wa Mji wa Kale tusimsahau. Vichochoro vyake ni vya zamani kuliko gari, na hana ua wa kuegesha. Huyo apewe kibali cha mwaka chenye nambari ya gari lake, kisije kikauzwa kwa mwingine.

Wenye maduka watalalamika. Nao wajiulize: nafasi iliyo mbele ya mlango, imfae nani zaidi, mwenye duka au mteja wake?