Tanga Linarudi Baharini: Na Haki ya Baharia Je?



Siku hizi kuna maneno mengi juu ya meli za tanga. Yasemwa ya kuwa dunia imepata joto kwa sababu ya moshi, na ya kuwa upepo ni bure na hauna moshi, basi tanga lirudishwe baharini. Mabwana wenye meli wanapigwa picha mbele ya milingoti mipya, wanatabasamu. Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo. Lakini watu wa pwani hii hatukuletewa habari za tanga na mgeni, tulizaliwa tukalikuta. Kwa hiyo twaomba nasi tuseme neno, maana katika sifa zote zinazopewa upepo ni mara chache sana kutajwa mshahara, au saa za kulala, au deni.

Kwanza tukubali yaliyo kweli. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya dunia, kwa wingi wake, hupita baharini, na moshi wa meli ni karibu asilimia 3 ya hewa chafu inayotokana na kazi za wanadamu. Julai 2023 mataifa yalikutana London katika Shirika la Kimataifa la Bahari, yakapatana ya kwamba ifikapo 2050 au karibu na hapo, hewa hiyo iwe imekwisha. Aprili 2025 wakakubali mpango wa kuwatoza fedha wenye meli zenye moshi mwingi. Oktoba 2025, ulipofika wakati wa kuutia muhuri, wakapiga kura kuuahirisha mwaka mzima. Hayo ndiyo mambo ya wakubwa. Bahari haingoji mikutano.

Meli zenyewe zimeanza. Agosti 2023 meli ya shehena iitwayo Pyxis Ocean ilitoka China kwenda Brazil ikiwa na mbawa mbili zilizosimama juu ya sitaha, kila moja yenye urefu wa mita 37.5. Walioikodi walitangaza baadaye kuwa mbawa zile ziliokoa kama tani 3 za mafuta kwa siku. Mwaka 2024 meli ya Kifaransa, Anemos, yenye urefu wa mita 81, ilivuka Atlantiki kutoka Le Havre hadi New York kwa matanga, ikiweza kubeba kama tani 1,000. Kwa mtu wa Kilindini tani 1,000 si mzigo wa kutisha, lakini ni mwanzo.

Basi tuseme habari zetu. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Kuwait, Oman, Yemen na Bara Hindi, yakaja Lamu, Mombasa na Unguja na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti za mikoko. Hayakuchoma hata tone la mafuta. Mtu akitaka mfano wa usafiri wa mbali usio na moshi, ni huo.

Lakini atazame na watu waliokuwamo. Mwaka 1938 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, akasafiri nalo hadi kwetu na hadi Rufiji, ambako mabaharia walikata na kupakia boriti katika matope, kisha akarudi nalo Kuwait mwaka 1939. Aliyoyaandika yafaa kusomwa na kila mwanachama. Baharia hakuwa na mshahara. Alikuwa na fungu katika faida ya safari, baada ya gharama za chakula kutolewa na baada ya chombo kuchukua sehemu yake. Faida ikiwa ndogo, fungu likawa dogo; na kwa kuwa alikuwa amekwisha pokea karadha ya kuiachia nyumba yake kabla ya kung'oa nanga, alirudi akiwa na deni kwa nahodha. Nahodha naye alikuwa na deni kwa tajiri. Wakati wa joto wengi walikwenda kuzamia lulu ili kulipa, na huko deni lilizidi. Deni la mzamiaji liliweza kumfuata hata mwanawe. Upepo ulikuwa bure, ndiyo. Aliyeulipia ni baharia.

Hatusemi haya ili kuwadharau manahodha wa zamani, ambao elimu yao ya nyota na maji ilikuwa kubwa kuliko ya wengi wenye vyeti leo. Twasema ili ifahamike ya kwamba chombo kinaweza kuwa safi kwa hewa na kikawa kichafu kwa mtu.

Sasa lipo jambo jipya, nalo ni la hatari. Hesabu yote ya safari za tanga ilisimama juu ya majira. Mtu alijua kaskazi itavuma kuanzia Desemba, alijua tanga mbili ni lini, na alijua kuondoka Aprili au mwanzo wa Mei kabla ya kusi kuwa kali na kufunga bandari za juu. Lakini maji ya joto ya Bahari ya Hindi yamepanda joto kwa kiasi cha digrii moja kati ya 1951 na 2015, na bahari yenye joto huipa tufani nguvu. Hatusemi kuwa kila tufani imezaliwa na moshi. Wazee wetu walisimulia ile ya Unguja ya 1872 iliyoangusha mikarafuu na kuvunja vyombo, na ile ya Lindi ya 1952. Lakini tazameni zinavyofuatana sasa. Novemba 2015 tufani mbili, Chapala na Megh, ziliupiga upande wa Sokotra na Yemen katika muda wa juma moja. Mei 2018 Mekunu iliipiga Sokotra na Salalah. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, vyombo vya kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Mei, ndugu, ni mwezi ule ule ambao jahazi lilikuwa njiani kurudi kwao.

Mtu wa mashine akipata habari ya tufani, anaongeza mwendo na kukimbia, au anazunguka. Mtu wa tanga hana ila kungoja bandarini. Hapo ndipo penye swali ambalo halikuulizwa London: siku za kungoja ni za nani? Baharia alipwaye kwa fungu hapati kitu kwa siku kumi alizokaa nangani, na chakula alichokula kinaingia katika gharama. Basi yeye mwenyewe ndiye atakayemsukuma nahodha waondoke, hali mawingu ayaona. Ushujaa haumo hapo, ni njaa tu.

Na sheria je? Upo Mkataba wa Kazi ya Mabaharia wa 2006, nayo Kenya iliuridhia mwaka 2014. Ni mkataba mzuri. Baharia apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Awe na mapatano ya kazi yaliyoandikwa. Arudishwe kwao kwa gharama ya mwenye meli. Lakini someni kifungu chake cha pili. Vyombo vya uvuvi vimetolewa, na pia vyombo vilivyoundwa kwa desturi, na majahazi yametajwa kwa jina. Maana yake, yule mbebaji wa kale asiyetoa moshi, anayesifiwa leo na kila mtu, ndiye asiyelindwa.

Twajua jibu la wenye majahazi. Watasema: mkiweka sheria za meli ya chuma juu ya chombo cha mbao, mtakiua, na hata hivi sasa vyombo vya safari za mbali ni vichache na vingi vimekwisha tiwa mashine. Neno hilo lina kweli ndani yake, wala hatutaki nahodha wa Lamu ajaziwe makaratasi ya meli ya tani elfu hamsini. Twataka mambo machache: mapatano yaandikwe, hata ukurasa mmoja, chakula kisikatwe katika fungu, siku za kungoja kwa amri ya watu wa hali ya hewa zilipwe, na kila chombo kiendacho mbali kiwe na redio na maboya ya kutosha watu wote. Mwenye chombo asiyeweza hayo, hiyo si biashara.

Kwa wenzetu wa meli kubwa mambo ni mengine. Meli ikipunguza mwendo ili kuokoa mafuta, safari inakuwa ndefu, na mkataba wa miezi tisa usigeuzwe kuwa kumi na moja kwa visingizio vya upepo. Tena mafunzo. Taarifa ya 2022 iliyotolewa na mabaraza ya wenye meli na mabaharia ilisema huenda mabaharia 800,000 wakahitaji mafunzo mapya kufikia katikati ya miaka ya 2030. Nani atalipa ada? Kontena lilipokuja tuliambiwa litapunguza uzito migongoni mwetu. Lilipunguza na watu. Watu wa gati nao wasijidhani wamo nje, maana mbawa zile zikisimama juu ya sitaha, winchi na mbawa hugombania nafasi ile ile. Twataka kanuni iandikwe kabla meli ya kwanza ya namna hiyo haijafunga kamba hapa: mbawa zilazwe na kufungwa kabla mtu hajashuka ngamani.

Haya tutayapeleka kwa Wizara kwa barua. Ili barua iwe na nguvu twahitaji hesabu za kweli. Mwanachama yeyote wa Bandari ya Kale, wa Lamu au wa Vanga aliyesafiri kwa fungu, au ambaye baba yake alisafiri, na alete ofisini hesabu ya safari moja tu: siku za baharini, siku za kungoja, karadha aliyopokea na kilichobaki mkononi. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Majina hayatatajwa.